Bakuli la Sukari la Kifaransa: Fedha ya Kuchovya, Charles Christofle na Sukari ya Bahari ya Hindi

Miongoni mwa vitu ambavyo jamaa zetu walio ughaibuni huviweka kabatini na kuvitoa siku za Idi na harusi, vyombo vya fedha vina daraja yake. Kuna mrashi, kuna chetezo, kuna dele la kahawa na sinia lake. Baina ya vyombo hivi mara nyengine hukutikana kimoja kisichofanana na wenzake: bakuli la sukari la Kifaransa, lenye mfuniko na masikio mawili. Wenyewe hulieleza kuwa ni fedha tupu, na kila kizazi huongeza neno katika masimulizi yake, hata ikawa shida kujua wapi chombo kinaishia na wapi hadithi inaanzia.

Makusudio ya makala haya ni kukitazama chombo cha aina hiyo kwa jicho la taarikh. Tutauliza mambo manne: kimetengenezwa vipi, aliyekitengeneza ni nani, alikitengeneza kwa ajili ya nani, na sukari iliyotiwa ndani yake ilitoka wapi. Mara nyingi jawabu ya kwanza huwavunja watu moyo, kwa sababu chombo huonekana kuwa si fedha tupu bali ni fedha ya kuchovya. Lakini jawabu ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa pwani, nayo ndiyo ambayo haisimuliwi kabisa.

Umbo lake na sababu zake

Bakuli la sukari la Kifaransa la karne ya 19 kwa kawaida ni kubwa kuliko la Kiingereza, nalo huwa na mfuniko. Sababu yake ni sukari yenyewe. Wakati huo sukari iliuzwa madukani kwa umbo la pia kubwa, gumu kama jiwe, iliyofungwa kwa karatasi. Nyumbani ilivunjwa kwa nyundo na kukatwa kwa mkasi maalumu, na mabonge yaliyopatikana hayakulingana. Chombo cha kuyahifadhi kililazimika kuwa na tumbo pana, na mfuniko wa kuzuia vumbi, unyevu na sisimizi. Mabonge yalichukuliwa kwa koleo dogo, si kwa kijiko.

Sukari ya vipande vilivyolingana, kama tunavyoijua leo, ilibuniwa na Jakub Kryštof Rad, meneja wa kiwanda cha sukari katika mji wa Dačice huko Moravia, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1843. Ilichukua miaka mingi kabla ya vipande hivyo kuiondoa sukari ya pia mezani.

Inafaa tukumbuke pia kwamba chombo hiki hakikuwa na mahali katika baraza zetu za asili. Kahawa ya Kiomani hunywewa chungu, na utamu wake ni tende au halua iliyo pembeni. Bakuli la sukari ni chombo cha meza ya chai, na chai ya maziwa na sukari ni ada iliyotufikia baadaye. Basi anayelikuta bakuli hili pamoja na dele la babu yake ajue kwamba vyombo hivyo viwili ni vya desturi mbili mbali mbali.

Kuisoma chapa

Ukiligeuza bakuli utakuta chapa ndogo chini yake au ubavuni, na hapo ndipo pa kuanzia, kwani sheria ya Ufaransa kuhusu madini ya thamani ilikuwa kali. Kwa mujibu wa sheria ya Novemba 1797, fundi wa fedha halisi alitakiwa apige chapa yake ndani ya umbo la msambamba uliosimama kwa ncha, na mtengenezaji wa vyombo vya kupakwa apige yake ndani ya umbo la mraba. Tangu mwaka 1838, fedha halisi iliyokaguliwa na serikali hupigwa pia kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, akiwa amevaa kofia ya vita.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi. Ikiwa chombo cha Kifaransa cha baada ya 1838 kina kichwa cha Minerva, ni fedha halisi. Ikiwa hakina, na chapa ya mtengenezaji imo ndani ya mraba, ni fedha ya kuchovya, hata kama bibi alisema vyenginevyo. Na ikiwa ndani ya chapa hiyo mna mizani na herufi mbili za C, au jina zima CHRISTOFLE limepigwa pembeni, basi tumempata mtengenezaji wetu.

Mizani ile ni alama inayoafiki. Juu ya vijiko na uma za kampuni hiyo mara nyengine huonekana namba 84, na wako wanaodhani kuwa ni kiwango cha usafi wa fedha. Sivyo. Maana yake ni kwamba gramu 84 za fedha zilitumika kuchovya vijiko 12 na uma 12. Mnunuzi alikuwa anaambiwa waziwazi kiasi cha fedha alichopewa. Sisi tuliozoea kumpelekea sonara riale za Maria Theresa ziyeyushwe ziwe bangili au kitara cha jambia, tunaielewa lugha hiyo: fedha ni uzito.

Kabla ya umeme

Tamaa ya kukifanya chombo cha madini rahisi kifanane na fedha ni ya kale. Katika miaka ya 1740, Thomas Boulsover wa Sheffield, Uingereza, aliona kuwa bamba la fedha na bamba la shaba yakiunganishwa kwa moto na kupitishwa kwenye mashine ya kusaga madini, huwa kitu kimoja. Bamba hilo lilikunjwa na kufuliwa kuwa vyombo. Lakini ncha za bamba zilionesha wekundu wa shaba, na kila umbo la mapambo lilikuwa na kazi yake ya kuficha maungio.

Kwa upande wa dhahabu, njia iliyotumika ilikuwa ni zebaki. Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba au fedha, kisha chombo kikatiwa motoni. Zebaki ikapaa kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule ulikuwa sumu. Mafundi wa Paris walitetemeka mikono, meno yakawatoka, na wengi walikufa mapema. Antoine-André Ravrio, mtengenezaji mashuhuri wa vyombo vya shaba, aliyekuwa akiyaona hayo katika karakana yake, aliacha katika wasia wake faranga 3,000 kuwa zawadi ya atakayepata njia ya kuwanusuru mafundi. Alifariki mwaka 1814. Zawadi ilitolewa mwaka 1818 kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, aliyebuni tanuri lenye dohani ya kuuvuta mvuke. Hiyo ilipunguza balaa lakini haikuiondoa.

Dawa yenyewe ilitoka katika elimu ya umeme. Volta alitangaza betri yake mwaka 1800, na miaka mitano baadaye Luigi Brugnatelli wa Pavia aliweza kuchovya medali za fedha kwa dhahabu akitumia nguvu ya betri. Auguste de la Rive, mwanafizikia wa Geneva, aliifanyia kazi njia hiyo kwa nia hasa ya kuwaepusha mafundi na zebaki. Katika mwaka 1840 binamu wawili wa Birmingham, George na Henry Elkington, walipata haki ya uvumbuzi wa kuchovya dhahabu na fedha kwa umeme, wakiutumia pia ugunduzi wa tabibu John Wright, aliyeona kuwa fedha hushika vizuri ikiyeyushwa katika maji ya sianidi ya potasiamu. Huko Paris, wakati huo huo, mtu mwengine alikuwa kwenye njia hiyo hiyo: Henri de Ruolz, mtoto wa ukoo wa kifahari, mtunzi wa muziki ambaye opera zake zilichezwa Naples na Paris kabla hajaingia katika kemia.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuifahamu. Chombo kilichokwisha kufuliwa kwa shaba au kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli hutundikwa ndani ya hodhi lenye maji yaliyotiwa chumvi za fedha. Mbele yake hutundikwa bamba la fedha. Umeme ukipita, fedha huacha bamba chembe kwa chembe na kukishika chombo pande zote, hata ndani ya nakshi ambamo brashi haifiki. Kadiri chombo kinavyokaa ndani ya hodhi ndivyo ngozi yake ya fedha inavyozidi unene, nao kwa kawaida ni mwembamba kuliko unywele.

Charles Christofle

Charles Christofle alizaliwa Paris mwaka 1805. Alianza ujana wake akiwa mwanagenzi katika kazi ya mapambo ya vito kwa shemeji yake, na kufikia mwaka 1830 alikuwa ameshika biashara hiyo mikononi mwake. Hakuwa mvumbuzi wa kuchovya, wala hakuwahi kudai hivyo. Kipaji chake kilikuwa ni kuona mapema kile ambacho mafundi wenzake walikidharau.

Mwaka 1842 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliwatunukia de la Rive, Elkington na Ruolz kwa kazi yao ya kuchovya bila ya zebaki. Mwaka huo huo Christofle alinunua haki zote mbili za kuitumia njia hiyo Ufaransa, za Elkington na za Ruolz. Masonara wa Paris walimwona kama mtu anayeiharibu kazi: thamani ya fedha, kwao, ilikuwa katika uzito wake na katika nyundo ya fundi. Wengine walimwiga bila ya idhini, naye akawafikisha mahakamani mmoja baada ya mmoja. Kwa mujibu wa sheria, haki ya uvumbuzi haikuzidi miaka 15, kwa hiyo alikuwa na muda maalumu wa kulijenga jina lake kabla ya mlango kufunguliwa kwa kila mtu. Na jina hilo alilijenga kwa ile chapa: kila chombo kikapigwa mhuri, na mnunuzi akajua anachokinunua.

Alimwuzia Mfalme Louis-Philippe, na baada ya mfalme huyo kuanguka akamwuzia Napoleon III. Kaisari huyo aliagiza vyombo vya karamu ya watu 100, navyo vikaoneshwa katika Maonesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855. Mapambo makubwa ya katikati ya meza hayakuwa ya fedha tupu bali ya kuchovya. Hili lilikuwa jambo kubwa: ikiwa meza ya kaisari ina fedha ya kuchovya, nani tena ataona haya kuwa nayo? Kasri ya Tuileries iliungua mwaka 1871 katika fitina za Paris, na baadhi ya mapambo hayo yalitolewa kwenye kifusi. Leo yamo katika jumba la makumbusho la Arts Décoratifs jijini Paris, yakiwa na athari za moto.

Christofle alifariki mwaka 1863. Kazi iliendelezwa na mwanawe Paul na mpwa wake Henri Bouilhet, aliyekuwa mhandisi mwenye elimu ya kemia. Katika miaka ya 1870 walijenga kiwanda kikubwa Saint-Denis, kaskazini ya Paris. Kwa umeme ule ule kampuni ilitengeneza hata masanamu, ikiwa ni pamoja na yale ya dhahabu yaliyo juu ya paa la Opera ya Paris. Wazee wetu waliopita Marseille kwa meli za Messageries Maritimes waliiona kazi yake bila ya kujua: sanamu ya Bikira Maria iliyo juu ya kanisa la Notre-Dame de la Garde, yenye urefu wa zaidi ya mita 11, iliyosimamishwa mwaka 1870, imetoka katika karakana za Christofle.

Lakini nguvu ya kampuni haikuwa kwa wafalme. Ilikuwa kwa wakili, tabibu, mfanyabiashara, mwenye hoteli na afisa wa serikali, watu ambao baba zao walikula kwa vijiko vya bati na ambao sasa walitaka meza yenye kung'ara. Kwao bakuli la sukari lilikuwa tangazo. Mgeni aliliona kabla hajaonja chai. Neno ruolz, jina la yule mtunzi wa muziki, likawa katika Kifaransa jina la fedha ya kuchovya yenyewe.

Sukari iliyokuwamo ndani

Hadi hapa tumesimulia khabari za ngozi ya nje. Wahenga wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi na tulifunue bakuli.

Karne ya 18 Ufaransa ilipata sukari yake nyingi kutoka Saint-Domingue, koloni lililokuwa shamba kubwa la watumwa. Watumwa walipojikomboa na kuanzisha taifa la Haiti mwaka 1804, na manowari za Uingereza zilipoifunga bahari, Ufaransa ilibaki bila ya sukari. Mwaka 1812 Napoleon wa kwanza alikwenda Passy kukiona kiwanda cha Benjamin Delessert, aliyefaulu kutoa sukari nzuri kutoka kwenye viazisukari, akamvisha nishani papo hapo. Tangu hapo kukawa na sukari mbili Ufaransa: ya viazi vya nyumbani na ya miwa ya makoloni. Mwaka 1843 bunge lilipitisha sheria ya kuzisawazisha kwa kodi, hatua kwa hatua.

Miongoni mwa makoloni ya miwa, kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, kilishika nafasi kubwa. Île de France, yaani Morisi ya leo, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Waingereza mwaka 1810, na ilikuwa Réunion iliyobaki kuwa shamba la sukari la Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Na waliolilima shamba hilo, sehemu kubwa walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu.

Uhusiano huo ulikuwa wa zamani. Mwezi Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, kwa masharti ya kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Baada ya dola ya Oman kuishika Kilwa biashara haikukoma. Ilibadili mikono tu, na waliofaidika walikuwa Waarabu, Waswahili, Wahindi na Wafaransa, kila mmoja kwa fungu lake. Mwaka 1844 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na urafiki na Ufaransa. Tarehe 20 Desemba 1848 watumwa zaidi ya 60,000 wa Réunion walitangaziwa uhuru. Wenye mashamba wakabuni jina jipya: vibarua huru wa mkataba. Kwa hakika wengi wao walinunuliwa pwani kama kawaida, wakaulizwa mbele ya afisa kama wameridhia, katika lugha ambayo pengine hawakuijua, kisha wakapakiwa melini. Mwishoni mwa 1857 Wareno waliikamata karibu na Msumbiji meli ya Kifaransa Charles et Georges ikiwa na watu zaidi ya 100 wa namna hiyo, na pakazuka mzozo mkubwa baina ya Lisbon na Paris. Napoleon III, yule yule wa meza ya watu 100, aliipiga marufuku biashara hiyo katika pwani ya Afrika mwaka 1859.

Tukiziweka tarehe hizi pamoja, tunaona kitu. Mwaka 1842 fedha inashuka bei kwa Christofle. Mwaka 1843 sukari inapata sheria mpya Ufaransa na umbo jipya Moravia. Mwaka 1844 Ufaransa inatia saini mkataba na mtawala wa Zanzibar. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jengine. Tunasema kwamba bakuli lile, likiwa mezani Paris miaka hiyo, lilikuwa mwisho wa njia ambayo mwanzo wake mmoja ulikuwa Kilwa. Fundi aliyelichovya alinusurika na zebaki. Aliyeukata muwa hakupata wa kumwachia faranga 3,000 katika wasia.

Kwa wenye vyombo hivi

Baadhi ya familia zetu zina mababu waliokuwa upande wa wauzaji, nyengine zina mababu waliouzwa, na nyingi, tukisema kweli, zina wote wawili katika nasaba moja. Ndiyo maana watu hupendelea hadithi ya zawadi ya sultani. Ni hadithi isiyomwudhi mtu. Lakini kazi ya taarikh si kuchovya, na vijana wetu waliosoma London na Maskat watazisoma nyaraka hizi wenyewe, sisi tukiwapo au tusiwepo. Ni kheri wazisikie kwanza kwa wazee wao.

Kwa hiyo natoa nasaha chache. Kwanza, msilisugue bakuli kwa unga wa kusafishia kila mwezi. Weusi unaolishika ni kazi ya salfa iliyo hewani, na kila msuguo huondoa fedha kidogo. Kitambaa laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo yanatosha. Pili, msilipeleke kuchovywa upya kwa sababu tu shaba imeanza kuonekana. Pale palipolika, katika masikio na ncha ya mfuniko, ndipo palipogusa mikono ya watu, na hiyo ni athari. Tatu, msiliuze kwa uzito, kwa sababu mnunuzi wa fedha atakulipeni bei ya shaba. Nne, ipigeni picha chapa yake, na andikeni mambo mawili katika karatasi mbili: moja iwe na yale yanayosemwa na chombo chenyewe, nyengine yale wanayosema wazee, jina la msemaji na tarehe aliyosema. Msizichanganye, wala msiitupe hata moja. Hadithi ya zawadi ya sultani, hata isipothibiti, inatueleza namna familia ilivyotaka kujulikana, na hilo nalo ni taarikh.

Vyombo vya aina hii vinaendelea kugawanywa katika mirathi, kimoja Dubai, kimoja Cardiff, kimoja Toronto, na mara nyingi aliyekuwa akijua kimetoka wapi ameshafariki. Anayelirithi bakuli bila ya khabari zake amerithi shaba na ngozi nyembamba ya fedha. Andikeni maadamu mzee yuko hai na anakumbuka.